Picha za papa za kupaka rangi: karatasi, kitabu, simu au tuchore wenyewe?

MamaWawili_Mbweni
Assalaam alaykum. Nna watoto wawili, mmoja wa miaka minne yuko maandalizi, mwengine wa sita kaingia darasa la kwanza. Siku hizi kwao kila kitu papa. Nataka hamu hiyo iwafunze kitu, isiishie kuchafua karatasi tu. Naona njia nne: karatasi za intaneti nikazitoe fotokopi, kitabu cha kupaka rangi cha dukani, programu ya simu, au nichore mwenyewe. Waliokwisha kuzitumia wanambie ipi ina faida.

Maalim_Wete
Waalaykum salaam. Mie nasomesha maandalizi, na kura yangu ni ya karatasi. Kitabu cha dukani papa utamkuta mmoja tu, kabanwa kati ya treni na keki, na karatasi zake nyepesi rangi inapenya upande wa pili.

Lakini usiwape wote wawili picha moja. Wa miaka minne mtafutie yenye mistari minene na vyumba vichache: mwili, mapezi, mkia, basi. Wa sita anaweza picha yenye macho, mipasuko ya mashavu, ile anayopumulia, na mawe ya matumbawe chini. Na kabla hajashika rangi, mwambie ahesabu ile mipasuko. Papa wengi wana mitano kila upande. Mchoraji akiweka mitatu, mtoto mwenyewe atakuja kukushitakia, na hapo ndipo somo lilipo.

Tumbo liacheni jeupe. Papa wengi mgongo una rangi ya kiza na tumbo ni jeupe: ukimtazama kutoka juu anapotea kwenye kina, ukimtazama kutoka chini anapotea kwenye mwanga. Mtoto mdogo anadhani kila chumba lazima kijazwe. Kumfahamisha kwamba nyeupe nayo ni rangi kunataka subira kidogo.

Kombo_wa_Diko
Nyote mnazungumzia karatasi, na papa mwenyewe yuko diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Hao wa intaneti wanacheka meno nje kama tangazo la dawa ya mswaki! Mchukue mtoto Malindi ya Unguja mjini asubuhi, au Mkokotoni ukiwa upande wa shamba, amguse. Mkono ukitoka kichwani kwenda mkiani ngozi laini, ukirudi nyuma inakwaruza, maana imejaa magamba madogo yenye umbo la meno. Na akikatwa, muonyeshe hakuna mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu, lile lile lililomo kwenye sikio lake. Akirudi nyumbani mpe kipande cha boksi na mkaa achore alichokiona. Mkaa wenyewe ndio rangi ya papa, hakuna haja ya kununua kitu.

Shangazi_Zuu
Kaka Kombo, diko na mtoto wa miaka minne? Visu, damu, utelezi, na wachukuzi hawamuoni mtu. Huyo wa sita sawa, ashikwe mkono. Mdogo mletee kipande cha ngozi nyumbani akiguse kwenye sinia.

Kombo_wa_Diko
Hilo nakubali, da Zuu. Ngozi muulizeni muuzaji mapema, wengine wanaitupa.

BabaPacha_Chake
Simu nitaisema mie maana nnayo. Ile programu mtoto anagusa, chumba chote kinajaa rangi kwa mguso mmoja. Hajashika kalamu, hajajifunza kubaki ndani ya mstari, mkono haujafanya kazi yoyote. Kwenye boti ya Mkoani kwenda Unguja inawatuliza, sikatai, lakini msiite somo. Faida yake ni video. Nawaonyesha papa anavyoogelea dakika chache, nazima, ndipo natoa kalamu za rangi. Wakichora baada ya kuona mwendo, mkia unakaa vizuri zaidi.

Maalim_Wete
Baba Pacha kaugusa mkia, na mie hapo ndipo nnapopenda kukaa. Watoto wetu wanamjua pomboo wa Kizimkazi kuliko papa, na wakichora wanawachanganya. Basi wape picha mbili pembeni kwa pembeni. Mkia wa papa umesimama wima na unapigwa kulia na kushoto. Wa pomboo umelala na unapigwa juu na chini. Papa ana mipasuko ya mashavu na anavuta hewa iliyomo majini. Pomboo ana tundu kichwani na lazima apande juu kupumua. Papa ni samaki, pomboo ananyonyesha. Kabla ya kupaka rangi wasimamishe uani: “Mikia ya papa!” wote wanatikisa viuno kulia na kushoto. “Mikia ya pomboo!” wanainama na kuinuka. Utacheka mpaka machozi, lakini wakikaa kwenye karatasi hawakosei tena. Picha za namna hii sijaziona kwenye kitabu cha dukani, kwa hivyo hapa kuchora mwenyewe kunashinda, hata mkono wako ukiwa mbovu. Mtoto hajali.

Ukiweza, mchoree na chazo chini ya tumbo la papa, yule samaki anayejigandisha. Wanampenda kuliko papa mwenyewe.

Mkaazi_Makunduchi
Mbona hamjamtaja potwe, yule papa mkubwa wa madoa? Kwa mdogo hakuna picha bora kuliko hiyo. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote, na chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja kwa mdomo wazi, kwa hivyo hakuna la kuogopesha. Mafia, pwani ya Kilindoni, wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari. Mgongoni ana madoa meupe, na hakuna wawili wenye madoa sawasawa. Wataalamu wanawatambua mmoja mmoja kwa picha, wakitumia hesabu zilizobuniwa na wataalamu wa elimu ya nyota kwa ajili ya kulinganisha nyota. Mchoree umbo tu, madoa aweke mwenyewe kwa ncha ya kidole kilichochovywa rangi. Kila mtoto atapata potwe wake, kisha ampe jina.

MamaWawili_Mbweni
Ahsanteni sana. Kitabu nimekiacha. Mdogo nitamuanzia na potwe wa vidole, mkubwa apate karatasi na ile ya mikia, na Ijumaa baba yake ampeleke diko. Sasa hizo fotokopi: nilizojaribu kutoa zimetoka nyeusi tupu, papa hata haonekani.

BabaPacha_Chake
Hiyo picha ilikuwa na kivuli cha kijivu. Tafuta ya mistari mitupu, nyeusi juu ya nyeupe. Na mwambie kijana wa steshenari aikuze ijae karatasi nzima. Nyingi zinakuja ndogo katikati, mtoto hana pa kuwekea mkono.

Shangazi_Zuu
Na mwambie akutolee nakala za ziada. Watoto wa jirani watakuja tu.