Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kuomba SAS: Who Dares Wins

Habari zenu wakuu, hasa mnaoishi huku Uingereza. Mdogo wangu wa kike tunakaa nae Cardiff, anapenda milima kupita maelezo, wikiendi zake nyingi zinaishia Pen y Fan, ule mlima wa mita 886 ambao SAS wenyewe, kile kikosi maalum cha jeshi la Uingereza, wanautumia kuchuja watu. Anapanda na begi kalijaza chupa za maji kazizungushia taulo zisimuumize mgongo, akirudi soksi zimegandana na malengelenge na bado anacheka. Sasa anataka kujaza fomu ya SAS: Who Dares Wins, kile kipindi cha TV cha Channel 4 ambacho raia wa kawaida wanapitishwa kwenye majaribio kama ya SAS, wanawake walianza kushiriki 2019 kwahiyo hapo hana kikwazo.

Mimi miguu yake naiamini kabisa, ninachoogopa ni maji ya baridi maana tumekulia Tanga bahari yetu mnaijua ilivyo ya moto, halafu kuna yale mahojiano ya kufunikwa kichwa na kupigiwa kelele masaa na masaa hadi mtu mzima anavua namba yake anaondoka. Na hela ya ushindi hakuna, anataka tu kujipima.

Kwa mliofanya mazoezi ya jeshi au triathlon, mwili unauzoeshaje baridi bila kuhatarisha moyo? Na kwenye fomu aelezee nini, mazoezi yake au maisha aliyopitia? Mama bado hajaambiwa, naombeni na hilo mnisaidie namna ya kulianza.