Tupeane uzoefu: Fao la kukosa ajira NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) limekwama, kizuizi huwa wapi na hutolewaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba uzi huu ukusanye mambo ya kufanya tu, kutoka kwa wanaolijua fao hili kwa undani: malipo yanakwama wapi, na karatasi gani huyafungua.

Niweke msingi kwanza. Mabadiliko ya sheria ya 2018 yaliondoa fao la kujitoa tulilolizoea (kuchukua michango yako ukiacha kazi), likaja fao la kukosa ajira. Anayestahili ni Mtanzania aliyechangia angalau miezi 18, ambaye ajira yake imekoma bila yeye kujiuzulu kwa hiari, hajapata kazi nyingine na hajafikia umri wa pensheni. Hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wa mwezi kwa miezi 6. Kwa mshahara wa 600,000 ni 199,800 kwa mwezi, jumla 1,198,800. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake. Aliyetimiza 55 asipoteze muda huku, aulizie mafao ya uzee.

Karibuni.

Mhasibu wa Mishahara

Nianze na kinachokwamisha wengi kuliko vyote: michango ambayo mwajiri hakuipeleka.

Miezi 18 inahesabiwa kwa michango iliyoingia, si kwa miezi uliyofanya kazi. Tuseme mtu kaajiriwa Januari 2023, kapunguzwa Desemba 2024. Ana salari slipu (karatasi za mshahara) 24, na kila moja inaonyesha amekatwa. Akifungua taarifa ya michango anakuta miezi 15 tu. Kwa mfumo huyo hajafika 18, anaingizwa kundi la asilimia 50. Hapo ndipo watu wanaumia, maana wanasaini ili wapate chochote, halafu kurekebisha faili lililokwisha kulipwa ni safari nyingine kabisa. Usisaini kabla michango haijakaa sawa.

Cha kufanya: chukua taarifa ya michango tawini au kwenye simu, iweke pembeni ya salari slipu zako, chora jedwali la mwezi kwa mwezi. Safu ya kwanza mwezi, ya pili mshahara ghafi (kabla ya makato), ya tatu ulichokatwa, ya nne kilichoonekana NSSF. Kwa mshahara wa 600,000 mchango kamili ni asilimia 20, yaani 120,000. Wako usizidi 60,000, unaobaki ni wa mwajiri. Miezi 9 iliyopotea hapo ni 1,080,000 anayodaiwa mwajiri, si wewe. Jedwali hilo na nakala za slipu vipeleke kwa afisa anayesimamia waajiri, siyo dirisha la mafao. Dirisha la mafao haliwezi kumdai mwajiri, litakuambia urudi tu. Barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo.

Angalieni pia kiwango. Mchango unatakiwa ukokotolewe kwenye mshahara ghafi, lakini wapo waajiri wanaotangaza mshahara mdogo kuliko wanaolipa. Ukiona 72,000 badala ya 120,000, ujue umetangazwa kwa 360,000, na fao lako linaweza kukokotolewa kwenye hiyo 360,000. Miezi yote inaonekana imelipwa, kwa hiyo kasoro hii hupita bila mtu kushtuka.

Na kinyume chake kipo. Mwajiri akilipa malimbikizo kwa kuchelewa, akayaandika kwenye mwezi wa baada ya tarehe uliyoachishwa, kumbukumbu zinasoma kwamba bado uko kazini. Hapo fao linasimama. Mwajiri ndiye wa kuandika masahihisho akitaja mwezi sahihi.

Afisa Utumishi

Mkuu hapo juu kamaliza upande wa michango. Mimi nazungumzia barua ya kuachishwa kazi.

Neno moja kwenye barua linaweza kufunga kila kitu. Ikiandikwa "umejiuzulu" au "ameacha kazi kwa ridhaa yake", fao hakuna. Barua inayopita hutaja sababu waziwazi (kupunguzwa, mkataba kuisha, kampuni kufungwa), tarehe ya mwisho ya kazi, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama, saini na muhuri. Tarehe ifanane na ya kwenye cheti cha utumishi, ambacho sheria ya ajira inamtaka mwajiri akupe. Barua ikisema 30 Juni na cheti kikasema 15 Julai, faili linarudishwa.

Sasa kuna jambo linaloniuma sana. Baadhi ya waajiri, ili kukwepa taratibu za kupunguza wafanyakazi, huwapa watu karatasi ya kujiuzulu iliyochapwa tayari, "saini hapa upate haki zako". Ndugu zangu, msisaini. Na kama umeshasaini kwa kulazimishwa, sheria inatambua kwamba kujiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike nako ni kuachishwa kazi. Mgogoro huo unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1. Zikipita siku hizo ni lazima kwanza uombe kibali cha kuchelewa na ueleze sababu nzito. Kwa hiyo usikae miezi mitatu ukimbembeleza mwajiri abadilishe barua huku siku zinakatika.

Dada wa Maombasi

Swali tafadhali. Kampuni imefunga mageti, ofisini hakuna mtu. Hiyo barua anatoa nani?

Afisa Utumishi

Dada, anza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni. Omba upekuzi wa kampuni, utaona wakurugenzi walioandikishwa na kama kuna mfilisi (aliyeteuliwa kuifunga kampuni na kulipa madeni yake). Mfilisi akiwepo, barua anatoa yeye. Asipokuwepo, nenda kwa Afisa Kazi wa eneo hilo ukiwa na mkataba, kitambulisho cha kazi na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulivyokuwa ukiingia na mwezi ulipokatika. Eleza kwa maandishi, kisha ukienda NSSF ambatanisha barua hiyo na majibu yake.

Mzee wa Masijala

Majina. NIDA anaitwa Mohamed, NSSF Mohammed, benki Muhamed J. Kama ni tofauti ya herufi kwa mtu yuleyule, kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kinatosha, kikitaja majina yote matatu na namba zote. Kama jina lilibadilika kabisa, kwa mfano baada ya ndoa au kubadili dini, kinatakiwa kitu kizito zaidi: hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu wanachanganya hivi viwili, wanalipia kisichohitajika.

Namba mbili za uanachama, mara nyingi kwa sababu mwajiri wa pili alikuandikisha upya. Omba ziunganishwe kabla ya kujaza dai, la sivyo miezi 10 huku na 12 kule haitasomeka kama 22. Ulikuwa mfuko mwingine wa pensheni zamani, yaani PPF, LAPF, PSPF au GEPF? Mifuko hiyo iliunganishwa kuwa PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) 2018, kwa hiyo kumbukumbu zako zitafute huko.

Akaunti ya benki iliyolala. Malipo yanatoka, benki inayarudisha, wewe unaambiwa "umeshalipwa". Kabla ya kuwasilisha dai weka hata elfu kumi na uitoe, ujue akaunti iko hai. Kama pesa zimesharudi, leta barua ya benki kwamba akaunti imefunguliwa tena, uombe malipo yarudiwe.

Mhasibu wa Mishahara

Naongezea moja. Ukiulizia, usiulize "limefika wapi?" Utajibiwa "linashughulikiwa". Uliza faili liko meza gani: uhakiki wa michango, uidhinishaji, au malipo. Ukiambiwa uhakiki, rudi kwenye lile jedwali. Ukiambiwa malipo, omba tarehe na akaunti iliyotumwa. Usipojibiwa, andika kwa meneja wa mkoa, halafu makao makuu, halafu idara ya hifadhi ya jamii kwenye wizara inayosimamia kazi, kila barua ikiambatana na nakala ya iliyotangulia yenye muhuri.

Ukipata kazi katikati ya ile miezi 6, toa taarifa mara moja. Mchango wa kwanza wa mwajiri mpya utaonekana tu, na ulichopokea kwa miezi uliyokuwa kazini utatakiwa kukieleza.