Gumzo la kikundi: KUSINI KWA MKAPA 🥁

Mwanahawa Katibu 06:42
Asalaam aleikum. Safari ya Dar kuishangilia timu yetu Namungo ni Jumamosi ijayo. Basi watu 40, waliothibitisha 11. Wengi tumezoea uwanja wetu wa Ilulu, Lindi. Uwanja wa Mkapa ni viti 60,000, tukiingia kienyeji hatutasikika kabisa.

Mwanahawa Katibu 09:15
Naona tiki za bluu tu.

Issa Kinganga 09:31
Kinachotuua pale ni umbali. Kati ya jukwaa na nyasi kuna njia ya wakimbiaji. Na sauti ina mwendo wake, mita 340 hivi kwa sekunde. Aliyekaa mita 100 kutoka kwenye ngoma anaisikia imechelewa karibu theluthi ya sekunde. Anapiga kofi, nyie mmeshapita. Ndipo wimbo unapovunjika.

Seleman 09:33
Kumbe mke wangu akiniita nikachelewa kuitika ni sayansi 😂

Mama Rukia 09:34
Nyumba yako ina mita 100? 😂

Mwanahawa Katibu 09:36
Turudi kwenye mada. Issa, dawa?

Issa Kinganga 09:50
Tukae fungu moja. Mistari 5, kila mmoja watu 8. Ngoma mstari wa 3, katikati. Zikikaa mbele, wa nyuma wanasikia kelele za jirani tu. Kiongozi asimame chini, mgongo uwanjani, kitambaa cheupe mkononi. Kofi lifuate kitambaa, lisifuate sikio.
Na maneno yapungue. Chini ya paa sauti inagonga na kurudi, maneno ya haraka yanakuwa uji. Kiitikio neno moja, irabu ivutwe: Namungooo. Ile ya beti 4 tuimalizie kwenye basi.

Shaibu 11:20
West Ham walipohamia London Stadium 2016 walilia hivyohivyo, viti viko mbali na nyasi. Tottenham 2019 wakajenga jukwaa moja la watu 17,500 upande wa kusini, sauti itoke sehemu moja. Issa yuko sahihi.

Mwanahawa Katibu 11:24
Basi wote tukate tiketi za mzunguko, viti vya bei ya chini, tuingie pamoja. Kila mtu na N-Card yake, kadi ya kulipia tiketi, yenye salio. Chupa hazipiti getini. Fimbo ya bendera nayo mara nyingi huzuiwa, kwa hiyo bendera ishonwe mishikio pembeni. Nani anashona?

Mama Rukia 11:26
Ming'oko, vile viazi pori vyetu, nichemshe ndoo ngapi?

Seleman 11:27
Mbili. Chumvi isiwe kama ile ya Somanga.

Mama Rukia 11:27
😂😂 Nani katoa siri ya Somanga?

Mwanahawa Katibu 13:40
Nauliza tena, bendera nani anashona?

Issa Kinganga 16:05
Ngoma: unyevu wa pwani unalegeza ngozi, na ndani huwezi kuwasha moto. Zianikwe juani dakika 20 kabla ya kuingia, kisha zifungwe kanga mbili. Jua likizidi ngozi inapasuka kwenye vigingi. Zisilazwe kwenye saruji. Tubebe pia ngoma moja ya bendi, ya plastiki, hiyo hailegei. Vinganga, ngoma ndogo, 3 vipo. Umebaki msondo, ngoma ndefu, wa Babu.

Mama Rukia 16:30
Msondo upi? Ule uliorudi umechanika na pole hakupewa mtu?

Seleman 16:41
Yameisha hayo mama.

Mama Rukia 16:42
Yameisha kwako.

Mwanahawa Katibu 16:45
Ngozi ilichangiwa, orodha ninayo.

Mama Rukia 16:46
Orodha tumeiona. Ngozi hatujaiona.

Babu Mkwinda 20:05
Nimesoma yote. Mtavuka Rufiji kwa daraja lenye jina la mtoto wa Lupaso, mtaingia uwanja wenye jina lake. Hamwendi huko na ngoma yenye kiraka. Msondo hautoki kwangu mpaka uwambwe ngozi mpya. Aliyeichana anajijua.

Mwanahawa Katibu 20:09
Shikamoo babu. Tumesikia.

Issa Kinganga 20:11
Shikamoo babu.

Seleman 20:30
Shikamoo babu 🙏

Issa Kinganga 20:50
Kuwamba nitawamba. Ngozi ya mbuzi ilowe usiku mzima, manyoya yakwanguliwe, ivutwe ingali mbichi, ikauke kivulini siku 3. Mwisho wa kuipata Jumatatu. Ila ngozi sina.

Mwanahawa Katibu 21:02
Seleman?

Mwanahawa Katibu 21:40
Seleman, nakuona upo hewani.

*Ijumaa*

Anko Bakari 05:58
Nimechelewa kuona. Tunaondoka saa ngapi, tunashuka wapi?

Mwanahawa Katibu 06:03
Saa 4 usiku, tunashuka kituo cha Uhasibu. Waliothibitisha sasa 19. Bendera bado. Ngozi bado. Ming'oko ndoo moja.

Mama Rukia 06:04
Mbili.