Moli inakatwa vibanda, nibaki ama nitoke? Naombeni ushauri

Muuza_Viatu: Wadau habari zenu. Nina duka la viatu vya watoto kwa moli moja huku upande wa Thika Road, sitaitaja. Nikiingia 2016 kulikuwa na supamaketi kubwa chini, Jumamosi pakingi inajaa mpaka watu wanaacha gari nje, sahi supamaketi ilienda, ngazi za umeme zimezimwa tunapanda na miguu, kuna siku nauza pea moja na ni kwa soja wa geti, kwa deni. Sasa mwenye jengo anakata floo ya chini vibanda kama zile eksibisheni za tao, na sisi wa zamani tumeambiwa tutafikiriwa kwanza. Nibaki ama nitoke? Silali.

Mzee_wa_Westi: Kijana, moli ya Sarit kule Westlands ikifunguliwa 1983 tulikuwa tunatoka Kangemi na miguu kuangalia tu, hununui kitu, unarudi nyumbani umeshiba macho. Moli zilikuwa za kuhesabu na vidole. Siku hizi kila mwenye ploti anajenga moja halafu anashangaa watu wako wapi.

Profesa_Kona: Hii si ya Kenya peke yake. Moli ya kwanza kufunikwa yote na paa ni Southdale kule Minnesota, 1956, aliichora Victor Gruen, na huyo huyo uzeeni alizikana hizo moli hadharani. Mpangaji mkubwa akitoka, wadogo hawana mtu wa kuwaletea wateja.

MamaPacha: Prof, mtu ameuliza swali lakini. Ila ni ukweli, supamaketi za Nakumatt zikianguka kuna moli zilibaki mahame. TRM (Thika Road Mall) na moli ya Junction walibahatika supamaketi ya Carrefour ikaingia. Mimi nilifunga saluni nikahamia kwa nyumba, wateja wananifuata huku huku, sevisi chaji sijui ni mdudu gani.

Hesabu_Ngumu: Bosi, hiyo kufikiriwa kwanza ni bure ama kuna gudwili, ile pesa ya kupewa nafasi?

Muuza_Viatu: Iko kidogo.

Hesabu_Ngumu: Kidogo ngapi?

Muuza_Viatu: Laki tatu na nusu. Lakini mjue vibanda vya tao vinauza, hata floo ya nne kwenye hakuna lifti watu wanapanda.

Hesabu_Ngumu: Tao watu wanapita wakienda steji. Huko kwenu nani anapita? Na usiniambie umeshalipa.

Muuza_Viatu: Nimelipa laki mbili. Ningengoja kona nzuri zingeisha.

Wakili_Bubu: Risiti iko?

Muuza_Viatu: Nilitumia keateka kwa M-Pesa, meseji iko. Ni mtu poa, tumejuana miaka.

Wakili_Bubu: 😂😂 Ndugu yangu. Kama mkataba wako hauzidi miaka 5, ama hamkuandikiana kabisa, sheria ya wapangaji wa maduka, Cap 301, inakulinda, hawezi kukutoa bila notisi ya maandishi ya angalau miezi 2, na ukiipinga unaenda kwa baraza la kesi za kodi ya pango la biashara. Lile duka ulilo nalo ndilo lenye nguvu, hicho kibanda bado ni hewa. Acha kutuma pesa mpaka uone karatasi.

MamaPacha: Na hizo laki mbili zimetoka wapi kama unauza pea moja?

Muuza_Viatu: Ni za chama. Mimi ndio mweka hazina. Nimezikopa tu, kabla Disemba zitakuwa zimerudi, hakuna haja ya kusumbua watu na mkutano.

MamaPacha: Woi. Hiyo haiitwi kukopa, baba.

Chimbua_Chimbua: Ngojeni kwanza. Nimesoma post zake za nyuma. Machi alikuwa analia hapa kuku wake 300 wa Kitengela wanakufa. Leo ni viatu. Wiki ijayo atakuwa rubani.

Mzee_wa_Westi: Hao kuku nawakumbuka! Nilimwambia ni Newcastle, akakataa.

Muuza_Viatu: Kuku ni wa mke wangu, hii akaunti tunatumia wote wawili. Mnaniita mwongo na mimi nina shida?

Hesabu_Ngumu: Kwa hivyo mama naye anasoma hii uzi?

Muuza_Viatu: …

Mzee_wa_Westi: Si uongo huo, hakuna mwongo anaweza kujichimbia shimo kama hili. Lakini walipona wangapi?

Muuza_Viatu: Arobaini na mbili.

Soja_Mpole: Mkuu, vya shule vyeusi saizi 28 viko? Nalipa mwisho wa mwezi.