Naomba ushauri: mtihani wa mbio kwa waamuzi wa mpira

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, nachezesha mechi za mtaani na nataka sana kupanda daraja, hivyo najiandaa na mtihani wa utimamu wa mwili. Najipima kwa kiwango cha FIFA cha waamuzi wanaume: kwanza mbio sita za mita 40, halafu mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25, unarudia hivyo mara 40. Ni mizunguko 10 ya uwanja wa mita 400.

Zile sita za mwanzo hazinisumbui. Shida ni hizi za pili. Nikifika mzunguko wa saba mashavu ya miguu yanakaza kama jiwe, na kutembea kule hakutoshi hata kurudisha pumzi.

Nakimbia alfajiri Raskazone, kwenye lami, kabla jua halijawa kali. Je, nihamie mchangani? Binafsi naona mchanga unachosha tu bila kuongeza kasi, ila kaka mmoja mwamuzi anausifia mno.

Mliofaulu, wiki ya mwisho mnapunguza mazoezi kiasi gani? Na asubuhi ya mtihani mnakula nini? Uji mimi unanikaa tumboni.