Kikundi: Ukoo wa Mzee Mshamu 🌴

19:12 Mwajuma: Asalam aleykum familia. Ba'mdogo Idi anafanyiwa operesheni ya moyo Jumanne mnajua. Sasa kuna mtu kaniambia wengi wakishatoka pale moyo unaanza kudunda ovyo, kinga yake ni vidonge vya vitamini C na E na mafuta ya samaki na aanze SASA. Chupa tatu 180,000. Kila mtu 15,000 kwangu, mwisho kesho saa sita

19:44 Mwajuma: Naona tiki za bluu tu

19:51 Shebe: Mafuta ya samaki si twende Feri tuchukue jodari mzima, mgonjwa anakula na mchuzi unabaki 😂

19:52 Mama Nasra: 😂😂 kichwa changu

19:53 Mwajuma: Shebe nipo siriaz

19:53 Shebe: Siriaz kama ule mchango wa tanki?

19:54 Mwajuma: Tanki yalishaisha

19:54 Shebe: Kwako

21:05 Pili: Samahanini nilikuwa zamu. Kudunda ovyo kupo kweli, karibu mmoja kati ya watatu, sanasana siku ya pili mpaka ya nne, ndo maana wanamuweka kwenye mashine wamwangalie. Ila mafuta ya samaki walishayajaribu kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 Marekani, Italia na Argentina, majibu yakatoka 2012, hayakuzuia kitu. Vitamini C tafiti nyingine ndogondogo zinasema inasaidia nyingine hola. Hiyo E ndo siitaki kabisa, ikizidi inaweza kumvujisha damu na huyu anapasuliwa kifua, akija kuanzishiwa warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, ndo balaa. Cha haraka ni DAMU jamani, mpaka leo tumeenda kutoa mimi na Abuu tu

21:09 Mwajuma: Lakini si operesheni inaleta sumu zinazochoma moyo na vitamini inazizima?

21:13 Pili: Ndo nadharia yenyewe, na siyo ya kijinga. Ila kwa wagonjwa haijasimama. Madaktari wana dawa zao za kutuliza mapigo ya moyo, beta bloka na amiodarone

21:15 Mama Nasra: Damu mimi sindano naogopa

21:15 Shebe: Na hayo masikio matundu manne ulitoga na nini 😂😂

21:40 Shangazi Mwanahamisi: Naandika mimi Abuu, Shangazi ndo anasema. Idi nimembeba mgongoni mimi. Kidonge ambacho daktari wake hajakiona kisivuke geti la hospitali. Nyie mnaocheka hapa, kesho mkatoe damu. Na wewe Mwajuma, ile ya tanki rudisha.

22:31 Mwajuma: Sawa shangazi

22:38 Mwajuma: Ila chupa moja nishailipia, basi nitampelekea daktari aione mwenyewe. Damu tuandikane
1. Mwajuma

22:40 Shebe: 2. Shebe (nikiamka)

22:52 Mama Nasra: Mimi nitaleta uji

06:18 Juma Mbagala: Habari za asubuhi wanandugu. Hao samaki wa Feri ni shilingi ngapi kila mtu?