Mrejesho: tumechukua OPC UA, ila vyeti vilitutoa jasho

Wadau, niliuliza programu gani ichukue data za PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) za kiwanda chetu hapa Industrial Area na kuzileta ofisini. Asanteni kwa majibu. Tumechagua ya OPC UA, kanuni ya pamoja ya vifaa vya viwandani kupeana data; ile ya OPC ya zamani tumeachana nayo. Hiyo ya zamani inategemea DCOM ya Windows (njia ya programu za kompyuta tofauti kuwasiliana), na kuipitisha kwenye fayawoli ni kujitafutia balaa. Ya OPC UA inapitia poti (mlango wa mtandao) moja tu, 4840, na mashine kuukuu ya Modbus, lugha ya zamani ya mitambo, inasomeka humohumo.

Kazi ilikuwa vyeti vya usalama, yaani faili za kutambulisha kila kompyuta: seva ilikataa kila kompyuta mpaka fundi akihamishe cheti cha kompyuta hiyo kwenye folda ya wanaoaminika. Muuzaji mmoja alishauri tuzime ulinzi kabisa! Huyo tulimpungia mkono. Leseni hulipiwa kwa idadi ya tagi (kila kipimo kinachosomwa ni tagi moja), kwa hiyo tumeanza na boila peke yake.